Geji Nyuma ya Pazia

Mume wangu alinunua gari lenye kitanda. Naanza na hilo kwa sababu mtaa wetu wa Kinondoni nao ulianza na hilo, na mpaka leo wapo wazee ambao wakiniona hunisalimia vizuri, kisha hugeukia ukuta wakacheka. Lilikuwa Kombi la Kizungu la kusafiria na kulala: kitanda nyuma, juu ya injini, sinki dogo la kuoshea vikombe, kabati la vyombo, mapazia ya maua kila dirisha, na pazia moja zito lililokata gari katikati, kati ya viti vya mbele na kitanda. Mzungu mmoja mtaalamu, aliyekuja kutufundisha jambo ambalo silikumbuki tena, na sidhani kama yeye analikumbuka, alikuwa anarudi kwao akamwachia mume wangu. Gari lilikuwa zee. Lilikuwa limezunguka nchi nyingi kuliko waziri.

Siku hizo sukari ilikuwa ya foleni, sabuni tuliisikia kwa jirani, na mwenye gari la aina yoyote alihesabiwa mtu. Sasa mwenye gari lenye sinki, loo! Balozi wetu wa nyumba kumi alikuja alasiri moja na wajumbe wake kulikagua. Viongozi walikuwa wamekatazwa kuwa na nyumba ya kupangisha, na mume wangu alikuwa na cheo katika shirika la umma, kile cheo cha kuitwa kwenye vikao na kukaa mstari wa nyuma. Swali likawa: gari lenye kitanda na pazia, je, si nyumba? Walijadiliana kwelikweli. Chai yangu waliinywa huku wakilalamika haina sukari, kana kwamba sukari nimeificha mimi. Mwisho waliamua kwamba kwa kuwa halina choo, si nyumba. Balozi akajilaza kidogo kitandani kuthibitisha uamuzi, na tukaja kumwamsha kwa swala ya magharibi.

Lakini mume wangu hakulinunua kwa ajili ya balozi. Alilinunua kwa ajili ya mama yangu, na hapa sina budi kueleza, nisije nikaonekana nimeolewa na mwehu bila sababu. Kwetu kusini mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawasemeshani. Hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawashikani mkono. Yeye akiingia kwa mlango huu, mama anatoka kwa mlango ule. Maneno yote hupitia kwa binti: mwambie mumeo, mwambie mama. Si chuki, ni heshima, tena ina mwisho wake. Siku mama atakayoridhika mwenyewe, atamfungulia mkwewe mdomo, na kuanzia hapo watasalimiana kama watu. Siku hiyo anaipanga yeye. Hapangiwi na mtu.

Sasa mume wangu ni mtu wa Tanga. Kwao wakikosa mtu wa kuzungumza naye, huzungumza na mwavuli. Tangu tuoane alikuwa anausubiri mdomo wa mama yangu ufunguke. Alimpelekea redio. Alimpelekea mablanketi, na kanga doti kwa doti. Mama alipokea vyote, akakunja, akaniambia, "Mwambie mumeo ahsante." Basi, yakaisha. Na kilichomkata maini hasa ni kwamba mdogo wangu wa mwisho, aliyeolewa nyuma yetu sana na mtu mwenye baiskeli, mumewe alifunguliwa mdomo kabla msimu wa korosho haujaisha.

"Baiskeli, mama watoto!" alikuwa akinilalamikia katikati ya chakula. "Tena haina breki!"

Kwa hiyo habari zilipokuja kwamba mama yuko njiani, anakuja kuniuguza maana nilikuwa na mimba kubwa, na kwamba angependa pia kwenda Kunduchi kumwona kaka yake, mume wangu aliruka. Mjomba kwetu ndiye mwenye watoto, baba ni mgeni mwenye kofia. Kumfikisha mama kwa kaka yake, amelala kitandani kama malkia, mapazia yanapepea! Kama hapo mdomo haufunguki, basi hautafunguka tena. Alianza kulishughulikia Kombi lile usiku na mchana, na hapo ndipo tunaingia kwenye habari ya oili.

Kwenye deshibodi palikuwa na taa ndogo nyekundu. Ukiwasha gari, inawaka. Injini ikishika, inazimika. Ikija kuwaka njiani, presha ya oili imeanguka, simama hapohapo. Ndiyo sayansi yake yote. Mzungu alikuwa ameiamini taa ile jangwani na milimani, lakini mume wangu hakuiamini kutoka Kinondoni mpaka Magomeni.

"Taa inatangaza msiba," alisema. "Mimi nataka kuarifiwa tangu homa." Alitaka geji, yenye mshale na namba, ili aione presha ikipanda na kushuka. Na haki yake nimpe: injini ile ikifa, hapakuwa na nyingine. Beringi za Kombi zilikuwa hazipatikani hata kwa magendo.

Alikuwa na fundi wake huko Temeke, mtu mwenye maneno mawili tu, "hamna tabu", na akiyasema ujue tabu imeshaanza. Fundi akaleta geji aliyoing'oa kwenye trekta bovu, trekta la kijiji kimoja cha ujamaa lililopokewa kwa ngoma na hotuba, likalima msimu mmoja, kisha kuku wakalichukua. Ilikuwa kubwa kama kisahani cha chai. Mume wangu aliishika kwa mikono miwili.

Shida ya kwanza, injini ya Kombi iko nyuma na deshibodi iko mbele, na bomba la shaba la kupeleka oili kwenye geji lilikuwa fupi. Lilitoka kwenye injini, likafika kitandani, likachoka. Mji mzima haukuwa na bomba jingine. "Hamna tabu," akasema fundi, na geji ikafungwa hukohuko nyuma, ukutani, pembeni mwa mto wa kulalia. Shida ya pili, kwenye injini kulikuwa na tundu moja tu, ambalo lilikuwa la taa, na geji nayo ililitaka tundu hilohilo.

"Kwani haviwezi kukaa vyote viwili?" nikauliza.

Fundi akaniambia, shemeji, kipo kiungo cha njia mbili cha kazi hiyo, lakini kiko Ulaya. Wakacheka wote wawili, wakagongeana viganja. Kisha wakaing'oa ile taa, iliyokuwa haijamkosea mtu, mume wangu akaitupa kwenye droo ya vijiko.

"Na dereva ataisomaje geji iliyo nyuma ya kisogo chake?"

Walitazamana. Halafu, Mungu ni shahidi yangu, wote wawili wakanitazama mimi.

Hivyo ndivyo nilivyopata ajira. Mie niliolewa kwa ndoa halali, sikuandikwa kazi, lakini kila tukitoka nililazwa nyuma kwa ubavu, tumbo hilo, nikitazama mshale. "Ngapi?" anapiga kelele dereva. "Arobaini!" "Ngapi?" "Arobaini, kiziwi we!" Kwenye foleni ya petroli watu walichungulia dirishani wakaniona nimelala nikitaja namba, wakampa mume wangu pole kwa mgonjwa. Yeye hakuona aibu. Ofisini kwake alieleza kwamba amefanya maendeleo, na nasikia mkubwa wake aliomba wazo hilo lipelekwe kwenye kikao.

Mama akaja. Jumapili ikafika. Wakati ule, kwa ajili ya uhaba wa mafuta, Jumapili ikishafika saa nane mchana gari la mtu binafsi lilikuwa marufuku barabarani. Ilitubidi tuwe Kunduchi kabla ya hapo, na tulichelewa kuondoka kwa sababu mume wangu alikuwa analisugua sinki. Halafu ikaja habari ya nani akae wapi. Mama hawezi kukaa mbele ubavuni mwa mkwewe, astaghafiru! Atakaa nyuma, na pazia lifungwe kabisa. Mimi nyuma siwezi. Injini ilikuwa inakipasha kitanda moto, na siku hizo nikipata joto nilikuwa natapika. Nikakaa mbele. Kwa hiyo geji ikamwangukia mama.

Nilimfundisha. "Mama, mshale ukisimama huku juu, salama. Ukilala chini, sema."

Mama aliuangalia mshale, akaniangalia mimi. "Nimwambie nani?"

"Niambie mie. Mie nitamwambia yeye."

"Haya."

Utaratibu ulikuwa safi. Nchi nzima ilikuwa inaendeshwa hivyo: aliye chini anaona, anamwambia wa katikati, wa katikati anamfikishia wa juu, na wa juu ameshika usukani anatazama mbele. Hakuna aliyeuliza kama wa katikati yuko macho.

"Mwambie mama awe na amani," akasema mume wangu huku anawasha gari. "Gari zima kabisa."

"Mama, anasema gari zima."

"Mwambie nimesikia," ikatoka sauti nyuma ya pazia. "Mie si kiziwi."

Tukaondoka. Upepo ulikuwa mzuri, kiti kinanesa, mtoto tumboni ametulia. Nikalala. Ndiyo, nililala! Mwanamke mwenye mimba ya kujifungua akikaa kwenye kiti kinachonesa afanye nini, acheze gwaride? Yaliyofuata nimeyapata kwao wenyewe, kila mtu kwa wakati wake, na kila mmoja alipomaliza kusimulia alinitazama vibaya.

Tulipopita Mwenge, pale kwa wachonga vinyago, mshale ulianza kushuka. Mama aliuona. Alisubiri kidogo, labda una adabu utarudi. Haukurudi. Akaniita kwa sauti ndogo ya heshima, sauti ya ukweni, na mimi ndiyo hivyo nishafika Arabuni. Sasa afanyeje? Kupaza sauti mbele ya mkwe, haiwezekani. Kupitisha mkono kwenye pazia anifinye, mkono wake uonekane na mkwe, haiwezekani zaidi. Akakohoa.

Mume wangu alimsikia. Alijua mama anasumbuliwa na vumbi. Kumwuliza hawezi, kuniamsha alinionea huruma, na hiyo ndiyo huruma pekee aliyonionea mwaka ule. Akaona dawa ni kumtoa mama kwenye vumbi haraka. Akaongeza mwendo.

Mama akakohoa tena, mume wangu akaongeza tena. Mama akachukua kijiko kabatini, akagonga sinki. Moyo wa mume wangu ulifurahi: mama anatumia vyombo! Anajisikia nyumbani! Mshale ulikuwa umelala chali. Basi mama yangu, maskini, akafanya jambo la mwisho ambalo mila inamruhusu mwanamke asiyeweza kusema. Aliimba. Aliimba kwa lugha ya kwetu, polepole kwanza, halafu kwa nguvu, kwamba mwanangu amka, mshale umelala, mwanangu amka, chuma kinalia chini yangu.

Mtu wa Tanga lugha ya kwetu haijui hata salamu. Mama mkwe wake, aliyekuwa hajamsemesha hata neno tangu ndoa, alikuwa anaimba ndani ya gari lake. Ameniambia mwenyewe kwamba machozi yalimtoka. Alimkumbuka yule wa baiskeli, akamwonea huruma. Akakanyaga mafuta mpaka chini, na kwa vidole vyake akawa anampigia mama ngoma kwenye usukani.

Kilichoniamsha ni mlio kama mtu ametupa sufuria zote za harusi kwenye saruji. Gari likatikisika, likateleza, likasimama pembeni ya barabara. Moshi ulitoka nyuma. Injini ilikuwa imenoki.

"Mama watoto! Geji inasemaje?"

"Mama, geji inasemaje?"

"Mwambie imelala."

"Anasema imelala."

"Tangu lini?"

"Tangu lini, mama?"

Pazia likakaa kimya. Kimya kile kilikuwa cha mtu aliyekohoa, akagonga, akaimba, na sasa anaulizwa.

Mume wangu alizunguka nyuma, akafungua kifuniko cha injini. Nikamfuata na tumbo langu. Lile bomba la shaba la geji lilikuwa limesuguana na bati mpaka likatoboka, na kupitia kitundu kile injini ilikuwa imeitema oili yote barabarani. Yaani geji yenyewe ndiyo iliyoua, kisha ikapeleka habari za msiba kwa mtu asiyeruhusiwa kusema. Na taa, ambayo ingemwambia dereva machoni pake, ilikuwa nyumbani na vijiko.

Nilikuwa na maneno mengi pale. Nilikuwa nayo tangu Temeke, nimeyapanga. Lakini mume wangu aliketi chini, kwenye mchanga, suruali yake ya sikukuu ikiwa kwenye oili, akayaacha machozi yatoke. Mtu wa Tanga, hana neno.

"Si injini," alisema baadaye kidogo, kwa sauti ya chini ili isifike kwenye pazia. "Aliniimbia. Nilidhani ananiimbia mimi." Nikayameza maneno yangu yote.

Wakati huo saa nane imeshapita. Polisi akatokea kwa baiskeli, na nilimwona mume wangu anavyoitazama baiskeli ile.

"Ndugu," akasema polisi, "hujui leo Jumapili? Gari liko barabarani saa hizi."

"Haliendi, afande," nikasema mimi.

"Sikuuliza kama linaenda. Nimesema liko barabarani."

"Tulitoka kabla ya saa. Limekufa."

"Basi limekufa ndani ya muda uliokatazwa." Akamgeukia mume wangu. "Dereva, simama twende kituoni." Mume wangu hakusimama wala hakujibu. Yule aliyeweza kulisemesha hata tangazo la kifo redioni, alitazama mikono yake tu. Polisi akaanza kukasirika, akadhani anadharauliwa, akasema atamwita mwenzake aje na pingu.

Nikasikia pete za pazia zinakwaruza. Mlango wa ubavuni ukafunguka, na mama yangu akateremka, ushungi wake umekaa sawasawa. Hakupita upande wangu. Alikwenda moja kwa moja mpaka alipoketi mkwewe, akasimama mbele yake, akamtazama usoni. Mimi, mtu mzima, mama wa watoto, nilifumba macho kwa aibu.

"Baba," mama akamwambia, "mshale umelala tangu Mwenge. Ulikuwa huna wa kukwambia. Nyanyuka."

Mume wangu aliinua uso. Alijaribu kujifuta mikono kwenye shati akalichafua na shati. Alisimama.

"Shikamoo, mama," akasema.

"Marahaba, baba."

Polisi alitutazama mmoja mmoja. Halafu akavua kofia. "Mama," akauliza, na hapo ndipo niliposikia lafudhi ya kwetu imejaa mdomoni mwake, "ina maana ndiyo umemfungulia leo?"

"Ndiyo sasa hivi."

"Hapa barabarani?"

"Wewe ulitaka nimfungulie kituoni?"

Polisi akarudisha kofia yake, akatwambia gari hilo hajaliona, akapanda baiskeli akaondoka. Kunduchi tulifika juu ya lori la kokoto, mama mbele na dereva, mume wangu nyuma juu ya mawe, anacheka peke yake. Mjomba alituuliza kama njiani tulimwokota kichaa.

Kombi lilivutwa mpaka nyumbani, likaegeshwa uani juu ya matofali, na halikutembea tena. Injini nyingine haikupatikana. Mama alikataa kulala ndani kwetu, akasema joto. Akahamia kwenye Kombi, nilipojifungua akawa bado yumo, na mtoto alipoota meno akawa bado yumo. Balozi akaja tena na wajumbe wake, maana sasa haliendi, na linakaliwa na mtu. Mama akamwambia apite ndani alikague vizuri, kitanda kipo. Hakurudi.

Kila asubuhi mume wangu alikuwa anasimama kwenye dirisha la Kombi, pazia wazi, anapiga soga na mama yangu mpaka nachelewesha chai kwa kuwasikiliza. Waliongea korosho, waliongea bei ya dagaa, waliongea mpaka habari za yule wa baiskeli, ambaye nasikia alikuwa bado hajapata breki. Mama alikuwa anaifuta geji kwa upindo wa kanga kila siku, anamwambia, "Baba, leo nayo imelala," na wanacheka wote wawili kama watoto.

Asubuhi moja nilichelewa kuamka. Nilipotoka na birika, mama aliniona nikija, hatua tatu tu kutoka alipokuwa, akageuza uso akamwangalia mkwewe.

"Baba," akasema, "mwambie mkeo, mtu akikabidhiwa kusikiliza halali."

Mume wangu akanigeukia, uso umemjaa furaha ambayo sijawahi kumpa mimi.

"Mama watoto," akasema, "mama anasema usilale."

"Mwambie nimesikia," nikamjibu. "Mie si kiziwi."